Ndoa za Makaratasi na Maneno Wanayoambiwa Waliodanganywa

Mtu anayegundua kwamba mwenzi wake alimtaka kwa ajili ya kadi ya ukaazi huumizwa mara mbili. Kwanza anaumizwa na mwenzi huyo. Kisha wanamuumiza watu wake mwenyewe: ndugu, kamati ya harusi iliyochangisha pesa, mchungaji au shehe, marafiki wa Minneapolis, Dallas na Leicester, kila mmoja akiwa na lake la kusema. Mengi wanayoyasema si kweli. Mengine ni kweli nusu, na hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa huyafuata akidhani ni ushauri. Nitayajibu yale ninayoyasikia mara nyingi. Nitakaa zaidi upande wa Marekani, ambako visa vingi vya Waafrika Mashariki ninavyovijua vinatokea, na panapohitajika nitavuka kwenda Uingereza au kurudi nyumbani.

"Alijitakia. Dalili zilikuwepo, mapenzi yakampofusha."

Dalili gani? Mwenzi anayedanganya hufanya yote anayoyafanya mwenzi wa kweli. Anapiga simu usiku, anamjulia hali mama mkwe, anatoa mahari au anaipokea, anasimama mbele ya watu na kuapa, anahamia nyumbani, anapika, anafungua akaunti ya pamoja. Tofauti iko kwenye nia, na nia haipigwi picha ya harusi. Dalili zinazotajwa baadaye, kwamba alikuwa na haraka ya kufunga ndoa, kwamba aliuliza sana kuhusu fomu, ni mambo ambayo hata mchumba mwaminifu aliyetenganishwa na bahari huyafanya. Mwenye viza ya uchumba, ile ya K-1, amepewa na sheria siku 90 tu za kufunga ndoa baada ya kuingia Marekani. Asipokuwa na haraka huyo, nani atakuwa nayo?

Serikali ya Marekani ina maofisa waliofunzwa, mahojiano, alama za vidole na majalada, na bado mwaka 1986 Kongresi ilikubali kwamba udanganyifu huu hauonekani siku ya kwanza. Sheria iliyopitishwa mwaka huo inasema kwamba kama ndoa haijatimiza miaka miwili siku mgeni anapopewa ukaazi, apewe kadi ya masharti ya miaka miwili tu. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla ya kadi hiyo kuisha, mume na mke wanapeleka pamoja fomu I-751 kuomba masharti yaondolewe. Yaani dola yenyewe imeamua kusubiri ione. Halafu sisi tunamtaka dada yetu, aliyekuwa akimpenda mtu, aone siku ya posa kile ambacho ofisa hakukiona.

Sheria za ndoa nazo haziko upande wa wanaomlaumu. Mahakama za California, katika miaka ya 1970 na tena katika miaka ya 1980, zilibatilisha ndoa baada ya kuthibitika kwamba mmoja aliingia kwa ajili ya kadi huku mwenzake akiwa hajui. Nyumbani ni vivyo hivyo: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 zote zinasema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa ulaghai si ridhaa ya hiari. Anayemwambia mwenzake "ulikubali mwenyewe" anasahau kwamba kilichokubaliwa kilikuwa kitu kingine kabisa.

Wanaume huambiwa hivi kwa ukali zaidi. Kaka aliyemleta mke kutoka nyumbani, akamsomesha unesi, kisha akaachwa mwezi ule kadi ya kudumu ilipofika, hucheka na wenzake ukumbini na kulia garini. Kwa kuwa jamii yetu haina nafasi ya mwanamume aliyetapeliwa kwa ndoa, wengi wao hawamwoni wakili wala mshauri mpaka muda wa kufanya lolote unapokuwa umepita.

"Theluthi moja ya ndoa hizi ni za uongo, kila mgeni ni wa kushukiwa."

Takwimu hii ina asili yake. Mwaka 1985, mbele ya kamati ya Seneti, idara ya uhamiaji ya Marekani ya wakati huo ilidai kwamba kiasi cha asilimia 30 ya maombi ya ndoa yalikuwa na udanganyifu. Dai hilo ndilo lililoipa nguvu sheria ya 1986. Miaka michache baadaye suala lilifika mahakama ya shirikisho huko North Carolina, na katika hukumu ya mwaka 1990 ikawa wazi kwamba uchunguzi uliozaa asilimia hiyo haukuwa na uzito wa kitakwimu: ulihesabu mashaka ya awali ya maofisa, haukuhesabu ndoa zilizothibitika kuwa za uongo. Idara yenyewe ilikubali hivyo. Lakini namba ikishatoka hairudi, na mpaka leo watu huitaja kana kwamba ni sensa.

Uingereza nayo ilipitia njia hiyo. Kuanzia miaka ya 1980 mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba lengo lake kuu la kuoa au kuolewa halikuwa kuingia nchini. Watu waliopendana kweli, hata wenye watoto, walinyimwa viza kwa sababu ofisa hakuridhika na nia zao. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1997. Nayataja haya kwa sababu ya waliodanganywa wenyewe: kila wageni wanaposhukiwa wote kwa jumla, mwenye malalamiko ya kweli huonekana anachochea chuki dhidi ya watu wake, naye hunyamaza. Kumsaidia hakuhitaji tumgeuze kila bwana harusi mgeni kuwa mwizi.

"Ameondoka baada ya kupata kadi, basi ndoa ilikuwa ya makaratasi."

Hapa nitawaudhi baadhi ya ninaowatetea, lakini ni lazima lisemwe. Ndoa kuvunjika si ushahidi wa udanganyifu. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya San Francisco iliweka kipimo kinachotumika hadi leo: je, siku walipofunga ndoa, wawili hawa walikusudia kujenga maisha pamoja? Walivyoishi baadaye husaidia tu kuonyesha nia ya siku ile. Mke anaweza kumpenda mumewe kwa dhati Januari na kumchoka Desemba. Mume anaweza kuzini, kulewa, kuwa mbahili, kuhamia kwa mwanamke mwingine, na ndoa ikawa ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Hayo ni mambo ya talaka. Sheria ya 1986 yenyewe inamruhusu mgeni aliyetalikiwa kuomba peke yake masharti yaondolewe akithibitisha kwamba aliingia ndoani kwa nia njema.

Kwa hiyo aliyeumia ajiulize swali gumu kabla hajaandika neno "ulaghai" kwenye karatasi yoyote: nina nini kinachoonyesha nia yake ya siku ile? Ujumbe aliomwandikia rafiki kabla ya harusi. Mke au mume aliyefichwa nyumbani. Malipo kwa dalali. Chumba alichokuwa amepanga kwingine muda wote tunaishi pamoja. Kama kilichopo ni uchungu wa kuachwa tu, uchungu huo ni halali na unastahili msaada, lakini kuupeleka serikalini kama tuhuma ni kumdhulumu mtu. Kusema uongo kwa idara ya shirikisho pia ni kosa la jinai, na halimwangalii msemaji kama ni raia au mgeni.

"Ni makubaliano ya watu wawili wazima, haimuumizi mtu."

Hili ndilo dai ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu wanaolisema mara nyingi ni watu wema wanaomtafutia kijana njia. Wanamwonyesha mtu wa kumlipa, wanampangia picha, wanamfundisha majibu ya mahojiano.

Tuanze na sheria. Kuingia ndoani kwa kujua ili kukwepa sheria za uhamiaji ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000, kwa raia na kwa mgeni vilevile. Si sheria ya mapambo. Mei 2019, waendesha mashtaka wa Houston, Texas, walitangaza mashtaka 206 dhidi ya watu 96 katika mtandao mmoja wa ndoa za kununua. Na kujificha nyuma ya cheti hakusaidii. Mwaka 1953 washtakiwa walioiambia Mahakama ya Juu ya Marekani kwamba ndoa zao zilifungwa Paris kihalali walijibiwa kwamba uhalali wa cheti haukuwa swali. Swali lilikuwa kama waliwahi kukusudia kuishi kama mume na mke.

Kifungo bado si adhabu nzito kuliko zote. Kuna kifungu cha sheria ya uhamiaji ambacho wanaoshauri vijana hawakitaji, ama kwa kutokijua ama kwa kutotaka. Kinasema kwamba mtu aliyeingia, au hata aliyejaribu au kula njama ya kuingia, katika ndoa ya kukwepa sheria hawezi kuidhinishiwa ombi lolote la kudhaminiwa kama ndugu, mwenzi au mfanyakazi. Haihitajiki hukumu ya jinai, ushahidi mzito ndani ya jalada unatosha. Hakina mwisho wa muda, wala hakina msamaha. Kijana aliyefanya ndoa ya kulipia akiwa na miaka 24, kisha akiwa na miaka 40 akampenda mtu kwa kweli na kufunga naye ndoa, atakuta mlango umefungwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Na huyu mke wa pili, asiyejua lolote, ndiye anayeketi mbele ya ofisa na kusikia kwa mara ya kwanza historia ya mumewe.

Sasa mfikirie mke aliyebaki Kisumu au Moshi. Mumewe alikwenda kusoma, viza inakaribia kuisha, anapiga simu: nitafanya ndoa ya makaratasi, miaka mitatu tu, kisha nakuja kuwachukua. Anaombwa asaini talaka mahakamani ili mume awe huru kwenye rekodi, na anahakikishiwa kwamba ni talaka ya jina tu. Anasaini. Kisheria si ya jina tu, wameachana. Mume akifa Marekani, mjane anayetambuliwa ni yule mwingine. Wala ile miaka mitatu haikutajwa ovyo: mwenzi wa raia anayeishi naye katika ndoa anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi badala ya mitano, kwa hiyo ahadi ina sura ya mpango. Miaka inapita, pesa za shule zinakuja, kisha zinapungua, kisha anasikia kwa watu kwamba huko kumezaliwa mtoto. Mwanamke huyu alijua uongo mmoja na akadanganywa kwa mwingine. Sijui jamii inayomhesabu kuwa ameumia. Wanasema alikuwa ndani ya mpango.

Wakati mwingine hata talaka hiyo haikufanyika, hasa pale ndoa ya nyumbani ilipokuwa ya kimila au nikaha isiyosajiliwa. Mume anajaza kwenye fomu kwamba hajawahi kuoa. Ndoa ya Marekani basi inasimama juu ya ndoa nyingine iliyo hai, na raia aliyemdhamini akiamini ana mume, kwa sheria hana mume. Siku ofisi ya ubalozi inapoletewa vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa nyumbani, tarehe huongea. Mtoto amezaliwa Eldoret mwaka uleule baba yake aliokula kiapo kwamba anaishi na mke wake Ohio. Nimewataja watu wawili waliodanganywa hapa, mmoja kila upande wa bahari, na aghlabu kila mmoja anamchukia mwenzake badala ya kumwona aliyewadanganya wote.

"Peleka taarifa Uhamiaji, kesho yuko kwenye ndege."

Hatakuwepo. Mkaazi wa kudumu hafukuzwi kwa barua ya mtu mmoja. Hufikishwa mbele ya jaji wa uhamiaji, ana haki ya kuwa na wakili kwa gharama yake, na serikali inatakiwa kuleta ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Akiwa ameshapata uraia, ni kesi ya mahakama ya shirikisho. Na aliyetoa taarifa huenda asiambiwe lolote, kwa kuwa jalada la mgeni ni siri yake. Nimeona watu wakiishi kwa kungoja siku hiyo, wakifungua simu kila asubuhi kutazama kama kuna jibu, na kungoja kwenyewe kukawaendelezea ile ndoa iliyokwisha.

Kuna hatua zenye nguvu zaidi ya taarifa, na zote zina wakati wake. Kama ombi la I-130, lile la kumdhamini mwenzi, bado halijaamuliwa, aliyeliwasilisha anaweza kuliondoa kwa maandishi. Kama ukaazi bado haujatolewa, anaweza kuondoa udhamini wake wa kifedha. Kama mwenzi ana kadi ya miaka miwili, hakuna anayelazimishwa kusaini I-751 ya pamoja kwa ndoa asiyoiamini, na asisaini kwa kuombwa na wajomba. Kutoa taarifa za kweli kwa idara ni haki ya kila mtu, na taarifa nzuri ni fupi: tarehe, majina, nyaraka, bila matusi na bila kubuni. Akishaipeleka, aigeuzie mgongo.

"Talaka ikitoka, umemalizana naye."

Hapa ndipo raia wengi, hasa wa jamii yetu wanaosaini fomu wakiwa na haraka ya kumleta mpendwa, hupigwa na mshtuko. Ili mwenzi apewe ukaazi, mdhamini husaini fomu I-864. Watu huichukulia kama karatasi moja kati ya nyingi. Ni mkataba na serikali ya Marekani, na aliyedhaminiwa anaweza kwenda mahakamani kuudai utekelezwe. Mdhamini anaahidi kwamba kipato cha aliyedhaminiwa hakitashuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho. Kwa mwaka 2024 kiwango hicho, kwa mtu mmoja katika majimbo 48 ya bara, kilikuwa dola 15,060, na asilimia 125 yake ni dola 18,825 kwa mwaka. Akipata pungufu ya hapo, mdhamini anaweza kuamriwa kujazia.

Wajibu huo unakwisha kwa mambo machache tu: aliyedhaminiwa akiwa raia, akihesabiwa robo 40 za kazi, yaani takriban miaka kumi, akipoteza ukaazi na kuondoka nchini, au mmoja wao akifa. Talaka haimo. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya San Francisco ilithibitisha kwamba wajibu unabaki baada ya talaka, hata pale wanandoa walipokuwa wameandikiana mkataba wa kabla ya ndoa kwamba hawatadaiana matunzo. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Chicago iliamua kwamba anayedai hana hata wajibu wa kuonyesha kwanza kwamba alitafuta kazi.

Je, mdhamini aliyedanganywa hana utetezi? Anaweza kuuleta, lakini utetezi wa namna hii unataka ushahidi wa nguvu, na mzigo wa kuuleta uko juu yake. Ndoa kubatilishwa, talaka, uhamiaji na udhamini ni mambo manne tofauti yanayoamuliwa na vyombo tofauti, na kushinda moja hakumalizi mengine. Jaji wa familia hawezi kufuta kadi, wala ofisa wa uhamiaji hawezi kuvunja ndoa. Mtu aliyeambiwa mapema jambo hili moja huokoa miaka.

Kwa maoni yangu, sheria inamtendea vibaya mdhamini aliyelaghaiwa. Kusudi la fomu ile ni zuri, mgeni asitupwe mtaani. Lakini pale mahakama inapokuwa imebatilisha ndoa kwa sababu ya ulaghai wa aliyedhaminiwa, mkataba ungepaswa kufa pamoja na ndoa. Kongresi inaweza kuliandika hilo kwa sentensi moja.

"Wageni wakisema wamepigwa ni ujanja tu wa kupata kadi."

Sheria ya mwaka 1994 ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, inayowalinda na wanaume pia, inamruhusu mwenzi wa raia au wa mkaazi aliyefanyiwa ukatili kujiombea ukaazi mwenyewe, bila mumewe au mkewe kujua. Kongresi ilikuwa na sababu. Kabla yake, ombi lilikuwa mikononi mwa mpigaji. Maneno "nitawapigia Uhamiaji" yalitosha kumnyamazisha mtu mwenye jicho lililovimba. Na mwenzi anayemleta mtu kutoka Mombasa kwa ahadi ya ndoa, kisha akamfungia ndani, akamnyang'anya pasipoti na kumkatalia makaratasi, naye ni mdanganyifu wa ndoa. Hapo aliyedanganywa ni mgeni. Mjadala wa udanganyifu unaomsahau huyu una upande mmoja.

Anayejiombea kwa njia hii haaminiwi kwa neno tu. Anatakiwa kuonyesha ukatili, kuishi pamoja, mwenendo mwema, na ndoa iliyofungwa kwa nia njema. Ni kweli pia kwamba anayetuhumiwa haitwi kusikilizwa, na maofisa wamekatazwa kuamua dhidi ya mwombaji kwa kutegemea maneno ya mtuhumiwa peke yake. Kwa asiye na hatia jambo hili ni chungu. Nimelitafakari sana, na bado nasema kinga hiyo ibaki, kwa sababu kuifungua kungemrudishia mpigaji simu yake. Asiye na hatia ana njia yake: mahakama ya familia, ambako kama kumeombwa amri ya ulinzi dhidi yake atasikilizwa, akiwa na wakili na nyaraka zake zote. Asiwasiliane na mwenzi akitafuta kumrai au kumtishia. Kila ujumbe wa hasira unaotumwa usiku ule hugeuka kielelezo.

"Ukishatupwa nyumbani, kesi imekwisha."

Hili linawahusu zaidi walioolewa Uingereza. Mke anapelekwa nyumbani "likizo", mume anarudi peke yake na pasipoti yake, viza inafutwa au inaisha. Kwa muda mrefu waathirika wa ukatili waliokuwa ndani ya Uingereza waliweza kuomba kubaki, lakini aliyetupwa nje hakuwa na mlango. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Uingereza iliona tofauti hiyo ni ubaguzi, na tangu Januari 2024 kanuni zinamruhusu mwenzi aliyetelekezwa nje kuomba kurudi. Shirika la Southall Black Sisters la London lilipigania jambo hili miaka mingi. Anayelijua hili awaambie shangazi na mama wadogo wa Hargeisa, Mombasa na Zanzibar, kwa sababu aliyetupwa huwafikia wao kabla ya wakili.

"Hakuna msaada wowote, asamehe tu aendelee na maisha."

Msamaha ni wake. Wiki ya kwanza ina kazi nyingine. Akaunti ya pamoja na kadi za mkopo zikaguliwe na, inapowezekana, zifungwe. Nakala za fomu alizosaini zitafutwe, na kama alitupa zake, anaweza kuziomba idarani kwa Sheria ya Uhuru wa Habari. Apime afya, vikiwemo virusi vya UKIMWI, maana aliyekuwa na nyumba mbili alikuwa na vitanda viwili. Kama walijaza kodi pamoja, kila mmoja anadaiwa deni lote. Aliyefichwa uongo wa mwenzake kwenye kodi anaweza kuiomba IRS, idara ya kodi ya Marekani, nafuu kwa fomu 8857. Wakili wa familia na wakili wa uhamiaji ni watu wawili, na asiyeweza kuwalipa atafute shirika lisilo la faida lenye wawakilishi waliothibitishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Akae mbali na madalali wa fomu wanaojiita washauri, hata kama wanaongea Kiswahili kitamu. Muislamu aliyefunga nikaha na ndoa ya serikali ana mafundo mawili ya kufungua: hukumu ya jaji wa Marekani haimpi talaka ya kidini, na talaka ya shehe haimwachishi mbele ya serikali.

Ndugu nao wana la kufanya. Asiulizwe aliona nini na hakuona nini. Mmoja aende naye kwa wakili na kuandika yanayosemwa, kwa kuwa mtu aliyepigwa na habari kama hii husikia nusu. Kamati iliyochangia harusi inaweza kuchangia ada ya wakili. Fedha hizo ni ndogo kuliko zile za ukumbi. Mchungaji au shehe aliyefungisha ndoa anaweza kuandika barua ya alichokishuhudia.

"Ndoa ikibatilishwa, watoto watakuwa wa nje ya ndoa."

Hofu hii huwazuia wengi kuomba ubatilisho hata wanapokuwa na ushahidi wote. Kwa jumla majimbo ya Marekani humwachia mtoto aliyezaliwa katika ndoa iliyobatilishwa haki zake zote kwa baba na mama, na amri ya matunzo hutolewa sawasawa na katika talaka. Kenya imeliweka kwenye Katiba: ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Ulaghai wa baba ni wa baba. Ombi la matunzo ya mtoto na ombi la kubatilisha ndoa yanaweza kupelekwa kwa jaji yuleyule, siku ileile, na mama au baba anayeogopa moja kwa ajili ya jingine amwombe wakili wake ayaandike yote mawili kabla hajatoka ofisini.